SAMAKI ASIYE NA MWENYEWE?
Juu ya saumoni wa Atlantiki na haki kati ya mataifa

Katika sura ya haki, ndani ya kitabu cha teolojia ya maadili, kila mseminari amesoma kanuni ya kale iliyotoka kwa wanasheria wa Roma: res nullius fit primi occupantis. Maana yake ni kwamba kitu kisicho na mwenyewe chawa mali ya mtu wa kwanza anayekishika. Na hapo mwalimu hutoa mifano yake: ndege wa angani, nyama wa pori, samaki wa baharini. Mvuvi akitupa wavu wake katika bahari kuu, samaki aliyeingia ni wake. Hakumwibia mtu yeyote. Twaandika mifano hiyo katika daftari, twajibu vizuri siku ya mtihani, na jambo limekwisha.

Lakini yuko samaki mmoja aliyewasumbua wanasheria, serkali na wenye elimu kwa muda wa miaka karibu sabini, kwa sababu anakataa kukaa ndani ya mfano huo. Jina lake saumoni wa Atlantiki. Anazaliwa katika mto wa inchi moja, anakulia katika bahari ya inchi nyingine, kisha anarudi kuzaa kwao. Akinaswa njiani, je, ni wa nani? Swali hili laonekana dogo, tena liko mbali nasi. Nataka kuonyesha kwamba si dogo, na mwishoni kwamba haliko mbali kama tunavyodhani.

I. Huyu samaki ni nani?

Mtaalamu Linnaeus wa Uswedi alimwandika mwaka 1758 kwa jina la Salmo salar. Wenye kujua Kilatini watakumbuka upesi tendo salire, kuruka. Ndivyo wengi wanavyofasiri jina hili, kwa kuwa samaki huyu huruka maporomoko ya maji kama mtu arukavyo ukuta. Zamani za kale, katika karne ya kwanza, Plinius aliandika kwamba watu wa Akwitania, upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa, walimpenda saumoni wa mtoni kuliko samaki wote wa baharini. Wakristu wa Uskoti nao wanamjua kwa namna yao: katika alama ya mji wa Glasgow mna samaki mwenye pete kinywani, ukumbusho wa hadithi ya mtakatifu Kentigern, askofu wa kale, aliyemwokoa malkia mmoja kwa pete iliyoonekana ndani ya saumoni.

Maisha yake ni haya. Mwisho wa mwaka, baridi inapoanza kukaza, jike anapanda mto wake mpaka mahali penye maji safi na vijiwe. Anachimba shimo kwa mkia, anataga mayai yake elfu kadhaa, dume anayatilia mbegu, kisha jike anayafunika kwa vijiwe vilevile. Mayai hukaa humo wakati wote wa baridi. Baridi ikiisha, vinatoka visamaki vidogo. Vinaishi mtoni mwaka mmoja, miwili, mitatu. Katika mito ya kaskazini kabisa, ambamo chakula ni haba, hata kupita mitano.

Halafu, mnamo mwezi wa tano hivi, jambo la ajabu linatokea. Kisamaki chenye madoa, kilichozoea maji matamu, kinageuka rangi ya feza. Mashavu yake na figo zake zinajitengeneza tayari kwa maji ya chumvi. Urefu wake haupiti sana kiganja cha mkono. Hapo kinaiacha inchi yake na kuingia baharini.

Baharini anakula visamaki vingine na vidudu vya jamii ya kamba, ambavyo vinaipa nyama yake rangi nyekundu. Akikaa baharini wakati mmoja tu wa baridi, atarudi na kilo mbili au tatu. Akikaa miwili au mitatu, atarudi na kilo tano, hata kumi. Karibu na pwani anafuata harufu ya maji alimozaliwa. Katika bahari kuu, wataalamu wanafikiri kwamba anaongozwa pia na nguvu ya sumaku ya dunia. Akiisha kuingia mtoni hali tena. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Wengi wanakufa baada ya kuzaa. Wachache wanarudi baharini na kupanda tena mara ya pili.

Nasisitiza jambo moja, kwa kuwa yote yafuatayo yategemea hilo: karibu wote wanarudi katika mto wao wenyewe. Wachache hupotea na kuingia mto wa jirani. Hao wengine ni waaminifu kwa mahali pao pa kuzaliwa.

II. Siri ya bahari

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walimwona saumoni akishuka mtoni mdogo na kurudi mkubwa, wala hawakujua alikokwenda. Magamba yake yalitoa habari kidogo: ndani yake mna duara, kama zile za mti uliokatwa, zinazoonyesha miaka yake. Zilionyesha muda aliokaa baharini, lakini hazikuonyesha mahali.

Basi wakaanza kuwatia alama. Walimkamata samaki, wakamfunga kibati kidogo chenye namba, wakamwachilia. Mwaka 1956 samaki mmoja aliyetiwa alama katika mto wa Uskoti alinaswa kwenye pwani ya magharibi ya Greenland, mbali kama kilometa elfu tatu. Hivi ndivyo siri ilivyoanza kufunuka: saumoni wa Ulaya na saumoni wa Amerika wanakutana kwenye meza moja, chini ya barafu ya Greenland.

Habari njema kwa wenye elimu ikawa vilevile habari njema kwa wenye nyavu. Mpaka hapo watu wa Greenland walikuwa wakivua karibu na pwani kwa ajili ya chakula na biashara ndogo. Katika miaka ya 1960 zikaja masua kubwa kutoka inchi nyingine, zikatandaza nyavu ndefu katika bahari wazi. Mwaka 1971 walivua huko tani zaidi ya 2,600. Kwenye visiwa vya Faroe, katikati ya Islandi na Uskoti, wavuvi walitega ndoano nyingi kwenye kamba ndefu. Mavuno yao yalipita yote mnamo mwaka 1981, karibu tani elfu moja.

Wenyeji wa mito wakapiga kelele: “Tunalinda mito yetu, tunawakataza watu wetu kuvua siku fulani, tunalipa walinzi, kisha wengine wanavuna baharini tulichopanda.” Wavuvi wa baharini wakajibu: “Samaki wenu wametoka kwenu wakiwa na uzito wa gramu chache. Wamenenepa kwa chakula cha bahari yetu. Tena mna ushuhuda gani kwamba ni wenu?”

Msomaji ataona kwamba pande zote mbili zilikuwa na neno. Na jibu la swali la mwisho halikuweza kutolewa na inchi moja peke yake.

III. Mapatano

Mwaka 1982 mambo mawili yalitokea. La kwanza: tarehe 2 Machi, katika mji wa Reykjavik, inchi za Atlantiki ya Kaskazini zilianza kutia sahihi mapatano ya kulinda saumoni. Yalianza kuwa na nguvu tarehe 1 Oktoba 1983, na kutokana nayo kilizaliwa chama kiitwacho kwa kifupi NASCO, chenye makao yake katika mji wa Edinburgh. Mapatano haya yanakataza kuvua saumoni kupita maili 12 za baharini kutoka pwani, yaani kilometa 22 hivi, isipokuwa katika sehemu za Greenland na Faroe zilizotajwa waziwazi. Hivyo sehemu kubwa kabisa ya bahari ile ikawa mahali salama kwa samaki huyu.

La pili: tarehe 10 Desemba, kule Montego Bay, mataifa yalitia sahihi mapatano makubwa ya sheria ya bahari. Kifungu cha 66 kinasema juu ya samaki wanaozaliwa mitoni na kukulia baharini. Maana yake kwa kifupi ni hii: inchi ambayo samaki amezaliwa katika mito yake ndiyo ya kwanza katika kumtunza na katika kufaidika naye; inchi nyingine zisizuiwe bila kufikiri masumbuko ya watu wao, ila sharti zisikilizane na inchi ya asili.

Hapo kanuni yetu ya Roma ilipata mpaka. Samaki huyu si res nullius kamili tena, wala si mali kamili ya mtu kama mbuzi wa zizini. Amekuwa kiumbe ambacho wengi wana haki juu yake, na wengi wana mapashwa juu yake.

Nataka msomaji aangalie namna kazi ilivyogawanywa. Wanaoamua ni wajumbe wa serkali, katika NASCO. Wanaohesabu ni wataalamu wa inchi mbalimbali, katika baraza la uchunguzi wa bahari lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1902. Kila mwaka wanakutana, kila mmoja analeta hesabu ya mito yake, wanazichungua pamoja, kisha wanatoa shauri. Mwenye kuamua anaweza kukataa shauri hilo, lakini hawezi kusema kwamba hakuambiwa.

IV. Daftari za ubatizo

Kibati cha namba kilisaidia, lakini kina upungufu. Kati ya samaki elfu waliotiwa alama wanarudi wachache, na wale wasiotiwa alama hawasemi kitu. Hapo ndipo elimu mpya ilipoingia, elimu ya ADN.

ADN ni uzi mwembamba sana ulio ndani ya kila chembe ya mwili, ulioandikwa urithi tunaoupata kwa baba na mama. Kwa kuwa saumoni hurudi kuzaa kwao kizazi baada ya kizazi, kila mto umekuwa kama ukoo wenye alama zake. Tofauti nyingine ni kubwa: saumoni wa Ulaya huwa na kromozomu 58, yule wa Amerika ya Kaskazini 54. Tofauti kati ya mto na mto ni ndogo zaidi, lakini zipo, na nyingine zina maana kwa maisha. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba sehemu moja ndogo ya ADN ndiyo sababu ya karibu asilimia 39 ya tofauti ya umri ambao samaki hurudi kuzaa. Mwaka uliofuata wataalamu wa Norwe, Kanada na Chile walitoa pamoja maandishi ya ADN yote ya samaki huyu.

Sasa, namna gani kumjua samaki aliyenaswa katikati ya bahari? Padri yeyote aliyewahi kukaa parokiani ataelewa upesi. Kijana anatoka kijijini, anakwenda mjini kutafuta kazi. Siku anapotaka kufunga ndoa, padri wa mjini hamjui. Afanye nini? Anaandika barua kwa parokia ya ubatizo, na kule wanafungua daftari. Kama daftari ilitunzwa vizuri, kijana anajulikana: ni nani, wazazi wake ni nani, ameoa au hajaoa. Kama haikutunzwa, kila mtu anabaki na maneno yake.

Wataalamu wa saumoni walifanya vivyo hivyo. Katika kazi iliyoitwa SALSEA-Merge, kati ya mwaka 2008 na 2011, walijenga daftari moja ya mito ya Ulaya, kutoka Hispania kusini mpaka Urusi kaskazini, na Islandi upande wa magharibi. Daftari hiyo, iliyochapwa kwa wote mwaka 2018, ina samaki zaidi ya 26,000 wa mito zaidi ya 280, katika inchi 13. Tena mwaka 2008 na 2009 masua tatu, moja ya Irlandi, moja ya Norwe na moja ya Faroe, zilikwenda baharini kuwatafuta samaki wachanga, wakiwa bado katika miezi yao ya kwanza ya safari. Kila samaki alipimwa, tumbo lake likatazamwa amekula nini, na kipande cha pezi lake kikapelekwa kulinganishwa na daftari.

Kazi hii ilikuwa na shida ambayo watu wa nje hawakuiona. Kila chumba cha uchunguzi kilikuwa na vyombo vyake na desturi yake. Samaki mmoja, akipimwa katika inchi mbili, aliweza kuandikwa kwa namba tofauti. Kila daftari ilikuwa sawa yenyewe kwa yenyewe, lakini zote pamoja hazikusikilizana. Basi vyumba zaidi ya kumi vilipelekeana vipande vya samaki walewale, vikavipima, vikalinganisha majibu, vikarekebisha namba mpaka wote waweze kusoma neno moja. Ni kazi ya uvumilivu isiyo na sifa. Hakuna mtu anayepigiwa makofi kwa kurekebisha namba zake zifuate za jirani. Lakini bila hiyo kila inchi ingalibaki na ukweli wake nyumbani, na kule baharini pasingalikuwa na ukweli wowote.

Na nini kilionekana? Kwamba wachanga kutoka Irlandi, Uingereza na mito mingine ya kusini wanakusanyika wengi katika bahari ya Norwe, mahali paitwapo Vøring, penye chakula tele. Tena kwamba njia za mito mbalimbali si moja. Magamba ya zamani yaliyotunzwa kavu katika bahasha yalitoa nayo ADN, na ikaonekana kwamba samaki waliovuliwa zamani kule Faroe hawakuwa wa Ulaya tu, bali wengine walitoka Amerika. Kule Greenland, wataalamu wa inchi mbalimbali huenda kila mwaka kuchukua vipande vya samaki wanaouzwa sokoni. Walio wengi kwa sasa ni wa Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2021 tena, kundi la wataalamu lilitoa habari za samaki zaidi ya mia mbili waliofungwa vyombo vidogo vinavyopeleka habari kwa satelaiti: walifuatwa mpaka ukingo wa bahari ya baridi kabisa, ambapo maji ya joto hukutana na maji ya barafu.

Nisizidishe sifa. Daftari hii haijui kila kitu. Mara nyingi inaweza kutaja jimbo, lakini si parokia: itasema samaki huyu ni wa upande fulani wa Irlandi, isiweze kuutaja mto. Mtaalamu mwaminifu huandika hivyo bila haya.

V. Kidole kinageuka

Sasa tufike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Wenyeji wa mito walipoanza kudai uchunguzi, walitumaini kwamba hesabu zitamshitaki mvuvi wa baharini. Kweli zilimshitaki, naye alikubali. Kule Faroe wavuvi walilipwa feza waache kazi yao tangu mwaka 1991. Chama cha watu binafsi kilichoongozwa na Orri Vigfússon wa Islandi ndicho kilichokusanya feza hizo. Watu wa Greenland walilipwa vilevile wasivue kwa biashara mwaka 1993 na 1994, na tangu 1998 saumoni wao haruhusiwi kuuzwa nje; wanavua tani makumi tu, kwa chakula cha nyumbani. Mahali walipovua tani zaidi ya 2,600!

Je, mito ilijaa tena? Hapana. Hesabu ziliendelea kushuka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 saumoni wa mwituni katika Atlantiki wamepungua kuliko nusu. Kule Burrishoole, upande wa magharibi wa Irlandi, tangu mwaka 1970 wanamhesabu kila samaki anayeshuka na kila anayepanda. Na hivyo hufanya katika mito mingine kadhaa iliyochaguliwa. Katika baadhi ya mito hiyo, kati ya samaki mia walioshuka katika miaka ya 1970 walirudi ishirini na zaidi. Siku hizi mara nyingi hawafiki kumi. Mwezi wa Desemba 2023 umoja wa kimataifa wa kulinda viumbe ulimhamisha saumoni wa Atlantiki kutoka orodha ya wasio na hatari hadi ya wanaokaribia hatari, kwa kuwa hesabu yake ilishuka kwa asilimia 23 kati ya mwaka 2006 na 2020. Na mwaka 2024, wakati wa kuvua, serkali ya Norwe ililazimika kufunga mito 33 kwa ghafula, maana samaki hawakuja.

Basi kidole kiligeuka. Daftari ile ile iliyomwuliza mtu wa Greenland, “Samaki huyu umemtoa wapi?”, ikaanza kuwauliza wenyeji wa mito: “Ninyi mmemtendea nini kabla hajatoka?” Mabwawa ya umeme yamefunga njia. Maji yamechafuliwa. Bahari inazidi kuwa na joto, na chakula cha wachanga kinahama. Na joto hilo halikutoka Greenland, bali limetoka zaidi kwa mashine za inchi tajiri.

Tena kuna ufugaji. Norwe peke yake inafuga saumoni zaidi ya tani milioni moja kila mwaka, ndani ya nyavu zilizotandazwa baharini. Ni mamia ya milioni ya samaki. Wale wa mwituni wanaorudi katika mito ya inchi nzima hawafiki nusu milioni. Wafugwao wanachaguliwa wakue upesi. Wengine wanatoroka, wanapanda mito, wanazaa na wa mwituni; watoto wao hawawezi maisha ya bahari kama wale wa asili. ADN imeonyesha kwamba katika theluthi mbili hivi za mito iliyochunguzwa huko Norwe urithi wa wafugwao umekwisha kuingia. Ukoo uliojitengeneza kwa maelfu ya miaka katika mto mmoja unaweza kuharibika kwa vizazi vichache, wala hakuna kiwanda kitakachoutengeneza tena.

Mtu wa Greenland angeweza kusema: “Mimi niliambiwa niache wavu wangu, nikaacha. Wewe umeacha nini?” Sioni jibu rahisi kwa neno hilo.

VI. Mafundisho kwa dhamiri

Naona mambo matatu ya kushika.

La kwanza ni juu ya ujinga. Teolojia hutofautisha ujinga usioshindika, ignorantia invincibilis, na ujinga wa kutaka, ignorantia affectata. Mvuvi wa kabla ya mwaka 1956 hakujua samaki ametoka wapi, wala hakuwa na njia ya kujua. Hakuwa na kosa. Baada ya daftari kufunguliwa, udhuru huo umekwisha. Na anayekataa kuhesabu, au kuonyesha hesabu yake, kusudi asiulizwe, huyo hana ujinga wa kwanza bali wa pili. Hivyo kuhesabu kwa uaminifu si kazi ya elimu tu. Kwaweza kuwa pashwa la haki.

La pili ni juu ya mali. Wazee wetu wa Kanisa na walimu wetu wamefundisha daima kwamba vitu vya dunia viliumbwa na Mungu kwa ajili ya wote, na kwamba haki ya mtu binafsi ina mpaka katika haja ya wengine. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, alitukumbusha hayo, akiongeza kwamba viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu hata pasipo faida kwetu. Saumoni anatuonyesha fundisho hili kwa macho. Mto mmoja ukimharibu, bahari nzima inapungukiwa. Bahari moja ikimmaliza, mito mia inabaki mitupu.

La tatu ni juu ya kazi ya pamoja. Hakuna inchi iliyoweza kumjua samaki huyu peke yake, hata ile tajiri kuliko zote. Ilibidi kila moja iweke kitabu chake mezani, pamoja na makosa yake, na kukubali kusahihishwa na jirani.

Labda frateri mmoja atauliza: “Padri, sisi tuna nini na samaki wa barafu?” Nami namjibu: enda Uvira, Kalemie au Moba, simama kwenye pwani asubuhi wakati mitumbwi inaporudi. Ziwa letu la Tanganyika lina mabwana wanne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003, kule Dar es Salaam, serkali zao zilipatana kulitunza pamoja, na baraza lao lina makao Bujumbura. Mwaka 2019 wataalamu walitoa uchunguzi wa ADN ya ndagala wa ziwa hilo. Walichokiona ni kinyume cha saumoni: hawakuona koo mbalimbali za kaskazini na za kusini. Ndagala wote ni kama ukoo mmoja, unaoenea ziwa zima. Ndagala aliyeanikwa Uvira na yule aliyeanikwa Kigoma ni ndugu. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba joto la maji linapunguza chakula cha samaki katika ziwa, na kwamba upungufu huo ulianza kabla ya uvuvi mkubwa.

Kwa hiyo mvuvi wa kwetu anayetumia nyavu za matundu madogo sana hawezi kusema, “Navua wa kwangu.” Wala wa ng’ambo hawezi. Nasi tusimlaumu mvuvi peke yake, kabla hatujauliza mengine yanayoliharibu ziwa.

Ninyi makatekista wa pwani, mnaokaa na watu hao na kula nao, mwaweza kufanya jambo moja pasipo chombo chochote. Katika mafundisho ya amri ya saba, mnapofika penye wizi, msitaje kuku na feza tu. Tajeni pia ndagala wachanga. Waulizeni watu: yule mtoto atakayezaliwa ng’ambo ya ziwa mwaka ujao, je, samaki wake tumekwisha kumla? Wavuvi wataelewa upesi kuliko sisi wa vitabu, maana wao ndio wanaoona wavu unavyorudi mwepesi.